Miji ya Uingereza Tuliyoitembelea

Mtu wa kwetu akisema, «Naenda Uingereza», wote humfikiria London tu. Nasi tulikuwa vivyo hivyo. Lakini katika safari yetu ya mwezi wa sita tulikaa London siku tatu tu, kisha tukapanda treni kwenda miji mingine ambayo majina yake hutajwa mara chache katika Kongo, ingawa mali ya Kongo ilizijua vema bandari zake na viwanda vyake. Miji hiyo ndiyo tutakayoisimulia zaidi.

London itatosha kwa maneno machache. Ni mji wa watu karibu milioni 9. Magari hupita upande wa kushoto, kama kwa jirani zetu wa Zambia na Uganda. Sisi tuliozoea upande wa kuume tungaligongwa siku ya kwanza, kama wakubwa wa mji wasingaliandika barabarani, kwa herufi kubwa nyeupe, maneno ya kumwonyesha mgeni atazame wapi kabla ya kuvuka. Chini ya ardhi mna treni tangu mwaka 1863, nayo ilikuwa ya kwanza duniani ya namna hiyo. Watu hushuka kwa ngazi zinazojiendesha zenyewe, huketi bega kwa bega, wala hawasemezani hata neno moja. Aliyelelewa kumsalimu kila anayeketi karibu naye huona kimya hicho kuwa kizito kama cha matanga. Baada ya siku mbili tulikizoea, na hilo lilitusikitisha kidogo.

Tulisali katika kanisa kuu la Wakatoliki la Westminster, lililofunguliwa mwaka 1903. Kuta za chini zimevikwa marumaru na picha za vijiwe vya rangi, lakini ukiinua macho waona kuba za matofali matupu, nyeusi kama ndani ya tanuru, maana waliojenga waliwaachia wajukuu kazi ya kupamba, nao wajukuu hawajaimaliza. Sisi tuliosali miaka mingi katika parokia zisizo na dari tulijisikia nyumbani.

Kutoka London treni ilitupeleka kaskazini kwa muda wa saa tano hivi, mpaka Glasgow, katika Uskoti. (Tulionywa mapema: Mskoti usimwite Mwingereza, wala Mwelshi usimwite hivyo, kama vile Mshi asivyopenda kuitwa Mluba.) Mwezi wa sita jua la huko halitaki kulala, tulikuwa tumekwisha kula chakula cha usiku, na bado watoto walikuwa wakicheza mpira nje katika mwanga mweupe. Mji umejengwa kwa mawe mazito kando ya mto Clyde. Katika miaka ya kabla ya vita ya 1914, karibu meli moja katika kila meli tano zilizoundwa duniani ilizaliwa kandokando ya mto huo. Leo mle mjini vimebaki viwanda viwili tu vya kuunda meli, navyo vyaunda meli za vita. Mzee mmoja tuliyemkuta akitembea na mbwa wake alituonyesha kwa fimbo: hapa palikuwa kiwanda, pale kiwanda, na pale tena, sasa ni nyumba za ghorofa, na nyasi, na jumba la nyimbo. Baba yake na babu yake walikuwa wapigaji wa misumari ya meli. «Kelele zilikuwa nyingi hata wazee wote walikuwa viziwi,» akasema, «nami nilipokuwa mtoto nilidhani kila baba duniani ni kiziwi.»

Hapo ndipo lilipotuingia swali ambalo hatukuweza kulitua tena mpaka mwisho wa safari. Sisi twatoka katika nchi ya miji iliyozaliwa na kazi moja. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ni watoto wa shaba. Mbuji-Mayi ni mtoto wa almasi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliiaga kazi yao, na wengi wa wasomaji wetu wakumbuka maisha ya nyumbani baada ya hapo: baba amekaa mlangoni tangu asubuhi, mama ameshika kibanda cha kuuza unga, watoto wamerudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo. Basi mji uliozaliwa na kazi moja, kazi hiyo ikifa, wafanya nini? Tangu siku ile tuliuliza hivyo kila tuliposhuka katika treni.

Kabla ya kuondoka Glasgow tulitaka kuona mambo mawili. La kwanza ni kiwanja kidogo katikati ya mji kilichopewa jina la Nelson Mandela mwaka 1986, angali kifungoni; watu wa mji walikichagua kwa sababu ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ulikuwa hapo, wakaulazimisha kuandika jina la mfungwa wake katika anwani zake. Tulicheka tulipoelezwa. La pili ni Blantyre, nje ya mji, mahali alipozaliwa David Livingstone mwaka 1813. Jamaa nzima ilikaa katika chumba kimoja, na mtoto alianza kazi katika kiwanda cha nyuzi za pamba akiwa na miaka 10, tangu alfajiri hata usiku. Mtu huyo ndiye aliyeona kwa macho yake, mwezi wa saba mwaka 1871, watu wa soko la Nyangwe katika Maniema wakipigwa risasi na wafanya biashara ya watumwa, na habari aliyoiandika iliushtusha ulimwengu. Tuliinama mlangoni mwa chumba kile kidogo tukafikiri jinsi Nyangwe ilivyo mbali.

Manchester ndio mji wa pamba. Zamani nguo zake zilivaliwa Afrika nzima, na mabibi zetu walijifunga vitambaa vyake bila kujua vilikofumwa. Katikati ya mji lasimama soko la pamba, jumba kubwa lenye kuba tatu za kioo, ambamo maelfu ya wanunuzi walikuwa wakikutana siku za biashara. Soko lilifungwa mwaka 1968. Nao watu wa Manchester hawakulibomoa: mwaka 1976 waliweka ndani yake ukumbi wa michezo ya kuigiza, wa chuma na kioo, umesimama katikati ya sakafu kama chombo kilichoshuka kutoka angani. Lakini ukutani, juu kabisa, ubao wa bei ungali pale, na bei za siku ile ya mwisho hazijafutwa. Tuliutazama kwa muda mrefu kuliko tulivyoutazama ukumbi.

Tena katika Manchester iko sanamu ya Abraham Lincoln, rais wa Marekani. Mgeni hujiuliza ametafuta nini huku. Sababu yake ni hii. Pamba ya viwanda hivi ililimwa na watumwa weusi wa Marekani. Vita ya Marekani ilipoanza mwaka 1861, pamba haikufika tena, mashine zikasimama, njaa ikaingia katika nyumba za wafanyakazi. Matajiri wengi walitaka Uingereza iwasaidie wenye watumwa, pamba irudi. Lakini siku ya mwisho ya mwaka 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana, wakamwandikia Lincoln kwamba wako upande wake dhidi ya utumwa, hata kama matumbo yao ni matupu. Si wafanyakazi wote wa nchi ile waliokuwa na moyo huo, hilo lajulikana. Lakini hao walikuwa nao, na Lincoln akawajibu.

Karibu na vyuo vya mji huo lingali sehemu ya mbele ya jumba moja la zamani la halmashauri, lenye kibao chekundu. Hapo, mwezi wa kumi mwaka 1945, ulikutana Mkutano wa tano wa Waafrika na watu wa asili ya Afrika. Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta walikuwamo, wangali watu wasio na cheo, nguo zao za baridi zimechakaa. Miaka 12 baadaye Ghana ilikuwa huru, na mmoja wao alikuwa mkuu wake. Wanafunzi walikuwa wakipita mbele ya kibao hicho na vikombe vya kahawa mkononi, wala hatukuona aliyesimama kukisoma.

Kutoka Manchester hata Liverpool si mbali. Njia ya gari la moshi kati ya miji hiyo miwili ilifunguliwa mwaka 1830, nayo ndiyo ya kwanza duniani iliyochukua abiria kati ya mji na mji kwa nguvu ya injini peke yake. Siku ile ile ya sherehe mbunge mmoja, William Huskisson, aligongwa na gari akafa. Sisi tulifika salama, na mvua.

Liverpool twapaswa kuusimulia polepole. Mto Mersey ni mpana kama ziwa, maji yake rangi ya udongo, na kando yake yasimama majumba matatu makubwa ya mawe yaliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati mji ulipojiona kuwa lango la dunia. Wakazi wake walikuwa zaidi ya 840,000 mwaka 1931. Meli zilipobadilika, mizigo ikaanza kusafirishwa ndani ya masanduku makubwa ya chuma, bandari haikuhitaji tena mabega ya watu. Gati za Albert Dock, zilizofunguliwa mwaka 1846, zilifungwa mwaka 1972 zikajaa matope. Mwaka 2001 watu walikuwa wamebaki 440,000 hivi. Ni kusema kwamba karibu nusu ya mji ilikuwa imeondoka. Mtu aliyepita Kalemie au Kindu, akaona mabehewa yaliyoota majani, aelewa neno hilo bila kufafanuliwa. Leo gati hizo zina maduka, picha, watalii wanaofuata nyayo za waimbaji wa Beatles. Na sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 486,000. Mji warudi, polepole.

Lakini utajiri wa kwanza ulitoka wapi? Tazama ukuta wa juu wa jumba la halmashauri ya mji. Wachongaji wa karne ya 18 walichonga huko tembo, mamba, na vichwa vya Waafrika. Ndiyo biashara iliyojenga jumba lile. Meli za Liverpool zilichukua Waafrika karibu milioni moja na nusu kuwavusha bahari, mpaka biashara hiyo ilipokatazwa na sheria mwaka 1807. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1999 halmashauri ya mji iliomba msamaha kwa maandishi, na mwaka 2007 makumbusho ya utumwa yalifunguliwa kandokando ya maji yale yale. Nasi twasema wazi: vichwa vile vya mawe, vilivyo juu ya watu wanaopita na miamvuli yao, vilitugusa kuliko maneno ya msamaha.

Baada ya watumwa zilifuata mali nyingine, na hapo Kongo yetu yaingia. Mwisho wa karne ya 19 kampuni ya meli ya Elder Dempster ilikuwa na makao Liverpool, nayo ilishughulika na usafiri kati ya Antwerp na Boma. Mkuu wake, Sir Alfred Jones, alikuwa pia balozi mdogo wa Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II. Karani mmoja kijana, Edmund Morel, alitumwa mara nyingi Antwerp kuangalia hesabu. Akaona meli zaja zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zikirudi Kongo, zachukua hasa bunduki na risasi. Karani akajiuliza: watu wa Kongo walipwa kwa nini, kama hakuna bidhaa inayokwenda kwao? Jibu lilikuwa moja tu: hawalipwi, walazimishwa. Mwaka 1901 aliacha mshahara wake, akaanza kuandika. Mwezi wa tatu mwaka 1904, pamoja na Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyepita mtoni mwaka 1903 akawasikiliza wanavijiji wenyewe, alianzisha katika Liverpool chama cha kudai haki ya Wakongomani. Wamisionari Waprotestanti walileta ushahidi wao. Alice Harris alileta picha ya Nsala wa Wala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vyote alivyobakiwa navyo. Picha hizo zilionyeshwa kwa taa katika kumbi za miji hii tunayoisimulia, na watu waliokuja kustarehe jioni walitoka wakilia. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Ubeljiji nchi hiyo. Taabu haikuisha siku hiyo, kama tutakavyosema.

Kando ya mto iko nguzo ya ukumbusho wa Sir Alfred Jones, nzuri, ya mawe na shaba nyekundu. Alitoa kweli fedha za kuanzisha shule ya magonjwa ya nchi za joto mwaka 1898, na shule hiyo imewaponya wengi. Ukumbusho wa karani tuliutafuta katika matembezi yetu yote, hatukuuona.

Jumapili tulipanda kilima. Liverpool una makanisa makuu mawili, moja kila mwisho wa barabara moja, nayo barabara yaitwa Tumaini, si kwa ajili ya makanisa, ilikuwa na jina hilo kabla yake. La Waanglikana, lililoanzwa mwaka 1904 na kumalizwa mwaka 1978, lilichorwa na Mkatoliki. Letu, la mviringo kama hema, lililowekwa wakfu mwaka 1967, lilichorwa na mtu asiye Mkatoliki. Mji huu ulipigana sana kwa ajili ya dini tangu wakimbizi wa njaa ya Ireland walipofika kwa maelfu katika miaka ya 1840. Leo katikati ya barabara hiyo zimesimama sanamu za maaskofu wawili, Derek Worlock na David Sheppard, waliotembea pamoja wakati kazi zilipokufa na vijana walipochoma mitaa moto mwaka 1981. Kwenye Misa tulikaa kati ya jamaa ya Wahindi wa Kerala na bibi mmoja wa pale aliyetuazima kitabu cha nyimbo. Baadaye alitupeleka kula samaki wa kukaanga na viazi, vyenye siki juu yake. Ni chakula cha kushibisha. Hata hivyo siku ile ndiyo tulitamani bukari na sombe kuliko siku zote.

Ng'ambo ya Mersey, kwa treni ipitayo chini ya mto, kuna mahali paitwapo Port Sunlight. William Lever, mtengeneza sabuni, alianza kupajenga mwaka 1888 kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nyumba karibu 900, hazifanani. Kila moja ina bustani mbele, waridi, ukuta mweupe wenye mbao nyeusi. Kuna shule, kanisa, ukumbi, na jumba la picha lililofunguliwa mwaka 1922 kwa kumkumbuka mkewe. Kiwanda kingalipo. Ni mahali pazuri kuliko pote tulipopaona katika safari hii. Na ni pale tulipopata uchungu mkubwa. Maana sabuni hutaka mafuta, na mwaka 1911 Lever alipatana na serikali ya Ubeljiji apewe misitu ya ngazi katika Kongo, mpaka hekta 750,000. Katika Kwilu alijenga Leverville, ambayo sasa ni Lusanga. Aliahidi huko pia shule na hospitali, na nyingine zilijengwa. Lakini wakataji wa ngazi hawakutoka kwa hiari: chifu alidaiwa watu, kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana juu ya mchikichi tu. Mwaka 1931 Wapende waliasi, na mamia waliuawa. Tuliketi juu ya benchi kati ya waridi zile. Mama mmoja aliyepita na gari la mtoto akatusalimu kwa uchangamfu, akasema mvua imetuhurumia leo. Tukamjibu ndiyo.

Mji wa mwisho ulikuwa Swansea, katika Wales, nchi alikozaliwa Stanley, yule ambaye wazee wetu walimwita Bula Matari. Kila kibao kimeandikwa kwa lugha mbili, na kwa lugha ya wenyeji mji huitwa Abertawe, yaani mdomo wa mto Tawe. Tulikwenda huko kwa sababu moja: Swansea ilikuwa Katanga ya karne ya 19. Kazi ya shaba ilianza bondeni mwaka 1717. Kuyeyusha mawe ya shaba kulihitaji makaa mengi kuliko mawe yenyewe, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuyaleta mawe penye makaa. Yalikuja kwa meli kutoka Cornwall, Cuba, hata Chile. Moshi wa kiberiti uliua majani yote ya mlima wa mashariki. Katika miaka ya 1830 wakulima waliwashtaki wenye viwanda, nao wakashindwa. Kisha nchi zenye mawe zilijifunza kuyayeyusha kwao; mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ilitoa shaba yake ya kwanza. Swansea ilizima moto mmoja baada ya mwingine, na kiwanda cha mwisho kilifungwa mwaka 1980.

Bonde lilibaki jeusi, milima ya takataka za shaba na maji ya rangi ya kutu. Kiwanda kinapokufa wenyewe huondoka na faida, takataka hawazichukui. Hapo ndipo tulipopata jibu lililo karibu na swali letu, maana mwaka 1961 walimu wa chuo kikuu cha mji na halmashauri walianza kuupima udongo, hatua kwa hatua, wakatafuta majani yanayovumilia sumu ya madini, wakaondoa milima ile kwa magari. Kazi ilichukua miaka mingi. Leo tumetembea huko chini ya miti. Pana kiwanja cha mpira kilichofunguliwa mwaka 2005, na mabomba mawili ya moshi ya matofali yaliyoachwa kwa ukumbusho. Watu wengi wa mji hufanya kazi katika ofisi kubwa ya serikali ya vibali vya madereva. Si kazi ya kujivunia kama shaba, wenyewe walituambia hivyo wakicheka, lakini mshahara wafika.

Mama mmoja mwenye mvi alitembea nasi kando ya mto. Alipokuwa mwanafunzi, mwalimu aliwapeleka watoto wote bondeni, kila mmoja akapewa mche na kijiko cha bustani. Udongo ulikuwa mgumu kama sahani. Mvua ilinyesha. Wavulana walisema haitaota hata mmoja. Tukamweleza habari za mlima wetu mweusi wa Lubumbashi na bomba lake refu, na jinsi tangu mwanzo wa miaka ya 2000 takataka zake zilivyoyeyushwa upya kwa kutafuta kobalti, hata mlima ukapungua.

«Na miti?» akauliza.

Tukamwuliza mti wake ni upi. Akatazama msitu, akatikisa kichwa, akasema hajui tena; aliwahi kuja na wajukuu kuutafuta, kila mjukuu akachagua wake.